Kamati ya Kuchunguza Kumi na Nne

Haya si ya zamani za kale. Ni ya mwaka jana tu, na mbuzi mwenyewe bado yu hai. Asiyeamini aje amwone, saa za kazi, akiwa na barua ya utambulisho.

Jamhuri ya Tulivuni haimo katika ramani nyingi, kwa sababu wachora ramani walipotuandikia kuomba majina ya mito yetu, barua yao ilipelekwa dirisha namba tatu, na dirisha namba tatu lilikuwa likizo. Lakini nchi ipo, tena nzuri. Tuna amani, tuna wimbo wa taifa wenye beti ishirini na mbili, na tuna Wizara ya Adabu na Matamshi ya Wananchi, ambako mimi, Shomvi Kilindo, niliandika hotuba kwa miaka ishirini na tisa. Kila neno lililotoka kinywani mwa Mheshimiwa Waziri, Dakta Athumani Zongo, lilipita kwanza mikononi mwangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili mjue kwamba haya niliyaona mwenyewe, kutoka kiti cha mstari wa pili.

Yalianza na picha ya bomba. Mheshimiwa alizindua bomba la maji, akapigwa picha amelishika, mikono ya shati imekunjwa, anatabasamu. Maji hayakuwamo, lakini uzinduzi ulikuwa wa bomba, si wa maji. Picha ikawekwa mtandaoni. Chini yake vijana elfu kadhaa waliandika kitu kimoja tu: "14."

Hakuna pongezi, hakuna tusi. Kumi na nne, basi.

Kesho yake Mkuu wa Mkoa akatangaza kwamba barabara imekamilika isipokuwa lami. Vijana: "14." Shirika la umeme likawashukuru wananchi kwa kulizoea giza. "14." Ikatoka mtandaoni ikaingia mitaani. Katika harusi moja bwana harusi alichelewa kwa saa nne, na shehe alipouliza yuko wapi, sauti za nyuma zikajibu "Kumi na nne!" na vijana wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sisi watu wazima tulikaa tukatazamana, tukiwa na sahani zetu za pilau mapajani.

Mheshimiwa akaniita ofisini.

"Kilindo, hii kumi na nne ni nini?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Ni sifa au ni tusi?"

"Sijui, Mheshimiwa."

"Kama ni sifa, inabidi nishukuru. Kama ni tusi, inabidi wakamatwe. Sasa mimi nitakaa hivi hivi katikati mpaka lini?"

Nilimwonea huruma kwa kweli. Waziri asiyejua kama ameheshimiwa au ametukanwa hawezi kula chakula kikashuka. Na msishangae kwamba hakutazama tu mtandaoni akajionea. Waheshimiwa wa Tulivuni hawashiki simu. Simu zao hushikwa na wasaidizi, na msaidizi mwenye watoto wanaosoma hapeleki habari mbaya ghorofa ya juu.

*

Ikaundwa Kamati Teule ya Kubaini Maana, Chanzo na Dhamira ya Kumi na Nne. Wajumbe walioteuliwa walikuwa kumi na wanne. Jambo hilo liligundulika baada ya chai ya kwanza, ikabidi dereva wa basi la wizara, Bwana Sudi, aitwe haraka awe mjumbe wa kumi na tano. Alipewa kiti na kitambulisho ila hakupewa haki ya kusema. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu.

Mwenyekiti alikuwa Kanali mstaafu Chitemo, na makamu wake Bwana Ubwa, Mkuu wa Makofi wa Taifa. Huenda kwenu hakuna cheo hicho, basi nieleze. Tulivuni hotuba ni ndefu na wageni wa heshima ni watu wenye mambo mengi vichwani. Kwa hiyo Bwana Ubwa husimama pembeni ya jukwaa na leso nyeupe. Kila msomaji anapofunua ukurasa, leso inapanda, na sote tunapiga makofi. Leso ikishuka, tunaacha. Kwa utaratibu huo makofi hayakosei mahali pake, na hakuna anayesumbuliwa kusikiliza.

Kanali alifungua kikao kwa kusimama.

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu wajumbe, mimi nimepigana vita viwili. Kumi na nne ni saa. Ni saa waliyopanga kuipindua Serikali."

"Mwenyekiti," nikasema, "saa zetu zinaishia kumi na mbili."

"Hapo ndipo walipotuzidi akili! Wamechagua saa isiyokuwepo. Tutawakamataje?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa hofu. Mjumbe mmoja akasema labda ni namba ya mchezaji wa mpira, mwingine akasema ni dawa ya kulevya inayouzwa kwa vipande kumi na vinne. Bwana Sudi dereva alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Ilionekana ana kwikwi, akaletewa maji.

Kikao cha tatu tulimwita shahidi kutoka kwa vijana wenyewe. Kanuni inasema shahidi wa Kamati awe mtu mwenye familia, asiyepungua umri wa miaka arobaini, kwa hiyo alikuja Katibu wa Umoja wa Vijana wa Taifa, Ndugu Mohoro, aliyetimiza miaka hamsini na minane mwezi ule. Alipanda ngazi kwa kupumzika mara mbili.

"Sisi vijana," alisema akisugua goti, "hatuna neno hilo. Sisi vijana tunamuunga mkono Mheshimiwa. Tukichangamka sana husema 'safi kabisa'."

Ikaandikwa.

*

Mimi nyumbani nina kijana wa kweli. Binti yangu Siwema alikuwa kidato cha nne, miaka kumi na saba, mrefu kuliko mimi, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Mama yake ni mkunga, mara nyingi yuko zamu, basi jioni hubaki mimi na Siwema na meza moja, yeye na madaftari yake, mimi na rasimu zangu. Zamani nilikuwa namsomea nilichoandika. Alikuwa akinikatiza: "Baba, hapo hujasema kitu." Nami nafuta.

Lakini tangu Siku ya Mifugo, miezi miwili nyuma, alikuwa ameacha kuniuliza habari za hotuba. Alicheka na simu yake. Nikisogea, anaifunika.

"Siwema mwanangu, kumi na nne ni nini?"

"Ah, baba. Acha tu."

"Ni kitu kibaya?"

"Si kibaya. Ila mzazi akishakielewa kinakufa. We' sema mwenyewe, kuna kitu gani mlishawahi kukielewa nyie kikabaki kinachekesha?"

Iliniuma, sitaficha. Kumsikia mtoto wako anacheka chumba cha pili, na ukiingia ananyamaza, ni kama kufika msibani kwako mwenyewe ukakuta watu wanapiga soga kwa furaha.

*

Kamati iliposhindwa kupata maana, Serikali ilichukua hatua ya busara: ikaipiga marufuku namba yenyewe. Tangu Jumatatu ile Tulivuni tulihesabu kumi na tatu, kumi na tano. Basi la kumi na nne likawa la kumi na tatu B. Watoto wa miaka kumi na tatu waliambiwa wakae hapo mwaka mmoja zaidi. Mzee mmoja jirani yangu, mwenye wajukuu kumi na wanne, alikwenda kwa mtendaji wa mtaa kuuliza amfiche yupi. Nasi tuliowahi kuapa kuilinda Katiba tuliombwa tusiisome ibara moja, na kwa kuwa hatukuwa tumesoma hata nyingine, halikuwa tatizo.

Afisa wa elimu alizunguka shule kukagua utii. Alipofika kwa akina Siwema, aliwapanga wanafunzi mstari mmoja, akaamuru wajihesabu. "Kumi na mbili!" "Kumi na tatu!" Aliyefuata alikuwa binti yangu.

Alitazama mbele, akaanza kutafuna polepole, taya linakwenda kushoto, linarudi kulia, na kinywani hana hata punje. Darasa zima lilianguka chini kwa kicheko. Afisa hakujua amekosewa nini, lakini alijua amekosewa.

Jioni Siwema alikuja na barua ya Mkuu wa Shule. Amesimamishwa masomo. "Atarejea," barua ilisema, "pindi maana ya namba husika itakapojulikana." Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki siku kumi na mbili. Safari hii binti yangu hakucheka. Aliketi pale mezani, mikono juu ya daftari la kemia, akaanza kulia bila sauti. Mtoto huyu alitaka kuwa daktari tangu ana miaka sita.

"Basi niambie," nikamwambia. "Nikijua, nitaiambia Kamati, nawe utarudi. Hata kikifa hicho kichekesho, si afadhali?"

"Si kwa sababu ya kichekesho, baba." Akafuta pua kwa mkono. "Sikutaka ujione. Wewe umo."

Akaniwekea simu mbele yangu.

*

Video yenyewe ni ya nusu dakika. Ni Siku ya Mifugo. Mheshimiwa yuko jukwaani na hotuba yangu, kurasa thelathini, na kwenye mguu wa jukwaa amefungwa mbuzi bora wa taifa, shingoni ana utepe. Mheshimiwa anamaliza ukurasa wa kumi na tatu: "Na sasa, ndugu wananchi, kuhusu vijana wetu, Serikali imeamua kwamba wote..." Anaufunua. Leso ya Bwana Ubwa inapanda. Makofi. Mheshimiwa anafumba macho kuyapokea, kama ilivyo desturi yake.

Mbuzi anasimama kwa miguu ya nyuma, anauvuta ukurasa wa kumi na nne, anaula. Haharakishi. Taya kushoto, taya kulia.

Leso inashuka. Mheshimiwa anafumbua macho, anaendelea na karatasi iliyo mbele yake: "...watachanjwa ugonjwa wa miguu na midomo kabla ya masika, na watakaoonekana kukohoa watatengwa na wenzao."

Leso inapanda tena. Wageni wa heshima wote wanasimama kupiga makofi. Kanali Chitemo anapiga. Ndugu Mohoro anapiga. Na mstari wa pili, amevaa koti la kijivu, mwenye hotuba mwenyewe, aliyeiandika neno kwa neno, anapiga makofi kuliko wote, uso umejaa furaha.

Nilitazama mara tatu. Yule mtu wa koti la kijivu hakubadilika.

"Unakumbuka ukurasa huo?" Siwema aliuliza.

Nilikumbuka. Ukurasa ule tuliuandika wawili, pale pale mezani. Nilimuuliza vijana wanataka nini, akaniambia mambo manne, nami nikayaandika kama alivyosema. Siku ya sherehe alikaa na wenzake kusubiri kuyasikia. Alipoona mbuzi anautafuna, aliandika chini ya video: "Ukurasa wa 14 uko wapi?" Hakujibiwa. Wenzake wakauliza naye. Hawakujibiwa. Wakaandika "14 iko wapi?", halafu "14?", halafu hata alama ya kuuliza wakaichoka.

"Mwanzoni hatukuwa tunacheka, baba," alisema. "Tuliuliza kweli."

*

Nikaomba kikao cha dharura. Mheshimiwa mwenyewe alihudhuria. Video ikaoneshwa ukutani, kubwa, kila mjumbe akajiona anavyopiga makofi. Tulivuni haifai kucheka mbele ya Waziri kabla ya leso, na leso ya Bwana Ubwa ilikuwa nusu juu nusu chini, haijui ipande au ishuke. Aliyeshindwa ni Bwana Sudi. Kwikwi zake zote za mwezi mzima zilimtoka kwa mkupuo, akatoka nje ameshika ukuta.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa alisema taratibu, "niliwaambia vijana watachanjwa miguu na midomo."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na hakuna aliyesikia?"

"Vijana walisikia, Mheshimiwa."

"Mimi nilipiga makofi kwa sababu za kiusalama," Kanali alisema.

Naapa niliona pembe ya mdomo wa Mheshimiwa inacheza. Alikuwa karibu sana kucheka, na kama angecheka, nadhani tungepona sote siku ile. Halafu akakumbuka kwamba ni Waziri. Akanyoosha tai.

"Andika, Kilindo. Kwanza, hakuna ukurasa uliopotea. Ukurasa uliwasilishwa kwa wadau wa mifugo, nao waliupokea. Pili, mbuzi huyo ana waraka wa Serikali tumboni, kwa hiyo yeye mwenyewe ni waraka wa Serikali. Asichinjwe, asiuzwe, apelekwe Idara ya Kumbukumbu. Tatu, ripoti hii ni siri."

Leso ikapanda. Tukapiga makofi. Mbuzi akaletwa jioni ile, akagongwa muhuri wa SIRI pajani, akapewa namba ya jalada.

*

Zilibaki siku mbili kabla ya mtihani. Nilikwenda shuleni na Siwema, asubuhi, wanafunzi wote wako mstarini. Mkuu wa Shule, Mwalimu Tunu, ni mwanamke mwenye haki, na nakala ya ile barua aliishika mkononi.

"Mzee Kilindo, maana imejulikana?"

"Imejulikana, mwalimu."

"Alhamdulillahi. Ni nini?"

"Ni siri."

"Basi kwangu haijajulikana." Aliniangalia kwa masikitiko ya kweli. "Mzee wangu, nitamwandikia nini afisa? Nikimruhusu bila maana, kesho mimi ndiye nitakayesimamishwa."

Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu. Nilimtazama binti yangu, amesimama nje ya mstari na mkoba wake, anatazama viatu. Nikaingiza mkono ndani ya koti la kijivu, nikatoa rasimu niliyoitafuta nyumba nzima usiku uliotangulia, ina doa la chai kwenye kona. Nikaisoma kwa sauti, mbele ya shule nzima.

"'...wote wana haki ya kuambiwa ukweli. Maabara za shule zitakuwa na vifaa, si kufuli tu. Anayemaliza shule ataoneshwa njia ya kazi, si njia ya kurudi nyumbani. Na vijana wakiuliza swali, watajibiwa.' Mwisho wa ukurasa wa kumi na nne."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Umeuliza maana, mwalimu," nikasema. "Kumi na nne ni swali. Watoto walituuliza kitu, sisi tukawapigia makofi. Walipouliza tena, tukaunda kamati."

Mwalimu Tunu alikunja barua mara mbili, akaiweka ndani ya mkoba wake. Akageukia mstari.

"Jihesabuni."

Siwema alikimbia mahali pake. Kumi na mbili, kumi na tatu, na kisha ile sauti yake ya kusikika nyumba ya tatu: "Kumi na nne!"

*

Alivyosema binti yangu ndivyo ilivyokuwa. Mzazi alishaeleza mbele ya paredi, na kichekesho kilikufa kabla ya saa ya chakula cha mchana. Ndani ya wiki hakuna kijana Tulivuni aliyeandika tena 14. Serikali ilitangaza ushindi, namba ikarudishwa kwa sherehe, na Mheshimiwa akavishwa Nishani ya Matamshi Safi, daraja la kwanza. Hotuba ya siku ile sikuiandika mimi. Kwa kosa la kutoa siri nilihamishiwa Idara ya Kumbukumbu, chumba cha chini, kumtunza mbuzi.

Watu walinipa pole. Ukweli ni kwamba sijawahi kupata bosi mpole kama huyu. Namletea majani, nampiga brashi, na kila Ijumaa naandika taarifa kwamba waraka uko salama na unaendelea kunenepa.

Siku Siwema alipomaliza mtihani wake wa mwisho alikuja moja kwa moja pale, bado na sare, wino vidoleni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo na wewe, ukurasa."

"Marahaba. Kemia ilikuwaje?"

"Ilikuwa ngumu, ila nimeiweza." Akafungua mkoba, akatoa karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja, zimeandikwa kwa mikono tofauti, na ya kwanza ina namba 1 juu yake. "Tumeandika hotuba wenyewe, darasa zima. Tunataka kuipeleka wizarani. Lakini kwanza nikusomee wewe."

Mbuzi akainuka, akanyoosha shingo.

"Iinue juu, mwanangu."

Akaiinua. Akasoma ukurasa wa kwanza wote, pole pole, na mahali pawili alinichekesha kweli kweli. Alipofika chini akafunua wa pili, na mikono yangu, kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa, ikainuka yenyewe. Siwema akaiona, akaacha kusoma.

Nikaitia mifukoni.

"Endelea," nikamwambia. "Nasikiliza."